Nilivipima Vitabu kama Mashati

Homa Bay, Alhamisi, jua bado liko juu

Akoth, Mama yangu,

Yawa! Mimi bado sijapona hili la leo. Nimeketi hapa sebuleni na kalamu, wewe na mama yako mko nyuma ya pazia mnapanga sanduku, kila kitu nasikia, na mdomo wangu umekataa kufunguka. Mtu mzima, fundi wa nguo anayejulikana kutoka sokoni mpaka kule wanakopokea samaki, nimeshindwa kusema neno moja na mtoto wangu tangu saa sita. Nikisema nitapiga kelele, najijua. Kwa hivyo naandika, maana kelele ya karatasini haiamshi majirani.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kufuli, ya kutonunua mandazi dirishani gari likisimama, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho mpaka dereva achoke. Siyaongezi. Kama kuna siku moja nimepoteza haki ya kumwelekeza mtu, ni leo.

Wacha nirudie kilichotokea. Ulikuwepo, najua, lakini mimi ndiye sikuwepo. Mwili ulikuwa pale, akili ilitokea dirishani.

Tulitoka hapa asubuhi tukiwa watatu, wewe, mimi na mdogo wako Boke, ambaye nilimpaka mafuta mwenyewe mpaka akateleza mkononi. Tulikuwa tunaenda maktaba. Wewe ulikuwa unarudisha vitabu vya mwisho na kumuaga Madam Roza. Boke alikuwa anaanza. Meno ya mbele yameshang'oka, umri umefika, na nilikuwa nimeapa kwamba naye hatapitia mlango wa shule ya msingi. Apitie wa nini? Wewe umefanya mtihani wa darasa la nane bila mwalimu wala kiboko, umefaulu, umeitwa shule ya bweni ya wasichana kule upande wa Migori, na mji mzima unajua umefaulu kwa mfumo wangu. Wanajua kwa sababu niliwaambia. Niliwaambia wateja nikiwapima kiuno. Niliwaambia wazee wa kanisa Sabato baada ya ibada, wakiwa na njaa zao. Nilimwambia hata yule mama muuza samaki wa omena ambaye alileta tu rinda lipunguzwe. Nilimwambia, mama, shule ni ya watu wasiojua kusoma namba iliyo mgongoni mwa kitabu.

Basi nikasimama mbele ya meza ya Madam Roza, kofia mkononi, kifua mbele. Nikasema, "Madam, nimeleta wa pili. Nipe kitabu cha namba ndogo kabisa, kile tulichoanza nacho na Akoth."

Madam akacheka. Alidhani ni mzaha. Kisha akaniangalia vizuri akaona sina mzaha hata kidogo. Akageuka, akakuangalia wewe, akasema polepole, "Akoth, kwani mpaka leo hujamwambia baba yako?"

Hujamwambia nini? Nilikuangalia, ukaangalia sakafu. Nikamwangalia Madam, akaanza kupanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Baba Akoth," akasema, "hizi namba si za darasa. Ni za mambo. Dini ina namba zake, sheria ina zake, hesabu ina zake, kilimo kina zake. Ni kama soko tu, huku nyanya, kule samaki. Namba ndogo haimaanishi kitabu cha mtoto mdogo."

"Na ile ndogo kuliko zote?"

"Ile ni ya watu wa kazi yangu. Inafundisha jinsi ya kupanga maktaba."

Nikaketi.

Nataka ujue nilivyofika hapo, kwa sababu umekua ukiniona kama mtu anayejua anachofanya. Ulikuwa darasa la nne. Walimu walianzisha masomo ya Jumamosi, sisi ni Wasabato, hukwenda, na Jumatatu ukachapwa mpaka ukashindwa kuketi. Niliacha nguo ya mtu chini ya sindano nikaenda mbio. Nikawakuta kwenye gwaride, watoto wote wamesimama wima, bendera inapanda, nami nikapanda na sauti yangu. Nilimwambia mwalimu mkuu mbele ya kila mtu kwamba mtoto wangu hatakanyaga pale tena, na kwamba nitamfundisha mwenyewe mpaka awapite wote. Watu waliokuwa nje ya ua wakapiga makofi. Makofi ni kitu kibaya sana, Mama. Yalinisindikiza mpaka nyumbani, na asubuhi yake nikaamka na mtoto wa kufundishwa, na mimi niliachia shule darasa la tano.

Ndipo nikakumbuka ile maktaba nyuma ya ofisi za baraza la mji, ambapo nilikuwa nimewahi kushona mapazia. Niliingia na wewe mkononi. Niliona kabati baada ya kabati, na kila kitabu kina kikaratasi cheupe mgongoni, na kwenye kikaratasi kuna namba. Moyo ukatulia. Namba naijua. Shati la mtoto lina namba yake kwenye kola, akikua anachukua inayofuata, anapanda hivyo hivyo mpaka siku anavaa shati la baba yake. Hakuna mtoto anayeanzia namba ya baba. Nikasema, hawa wazungu ni watu wa mpango kweli, wameviweka vitabu kwa saizi! Mtoto anaanza mwanzo wa kabati la kwanza, anakwenda akipanda, akifika mwisho wa kabati la mwisho amemaliza masomo yote ya dunia. Sikumwuliza mtu. Ningeulizaje, na nilikuwa nimeshatangaza gwarideni kwamba najua?

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilifunika cherehani, tukapanda pale. Ndani ni kimya, na mimi siamini kitabu kilichosomwa kimya, nilifundishwa kusoma Biblia kwa sauti na nitakufa nikisoma kwa sauti. Kwa hivyo tuliketi kwenye ngazi za nje, ziwa linaonekana pale chini, wewe unasoma Kiingereza, ukimaliza ukurasa unaniambia kwa Kiswahili. Mama yako alipoletwa hapa kutoka Kuria hakujua Kijaluo, na mimi Kikuria kinaniishia kwenye salamu, ndiyo sababu nyumba hii mambo yote mazito tunayasema kwa Kiswahili. Nikielewa nilisema, "Haya, geuza." Nisipoelewa ulirudia. Hesabu nilikufundisha mwenyewe kwa futi kamba ya dukani, robo, nusu, inchi, kwa sababu sikuona hesabu popote kwenye makabati ya mwanzo. Nililiona hilo. Niliona mtoto wa miaka kumi na moja anasoma falsafa na hajafikia kujumlisha. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia wazungu wanaanza na akili kwanza, vidole baadaye.

Sasa turudi kwa leo. Madam Roza akaenda kwenye kabati la kwanza, akatoa kile chenye jalada la kijani. Nilikitambua mara moja, kimechakaa kwa mikono yetu. Akakifungua, akaweka kidole kwenye ukurasa, akakusogezea. Nikakuambia, soma.

Ukasoma kwa sauti ndogo. Kisha ukaniambia kwa Kiswahili: kila kitabu hupewa namba kufuatana na jambo kinalozungumzia.

Nikauliza, "Ukurasa huu ulinisomea wakati ule?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wakati ule uliniambia ukurasa umesema nini?"

Boke alikuwa amepanda kiti cha Madam anazunguka nacho, hakuna aliyemzuia.

"Nilikuambia," ukasema, "wanasema vitabu visiwekwe mahali penye unyevu."

Wuololo! Nakumbuka! Akoth, nakumbuka ule unyevu! Nilitikisa kichwa, nikaona kweli hawa watu wana busara, maana unyevu ni adui wa vitambaa pia, nikasema, "Haya, geuza." Nilisema geuza! Ulikuwa na miaka kumi, umeketi ngazi ya chini yangu, kitabu magotini, na umekwisha kujua kwamba baba yako amepotea njia, na umekwisha kuamua la kufanya. Mimi katika umri huo nilikuwa naiba miwa.

Tangu hapo sijui tena nishike lipi. Yule mwenye falsafa aliyesema mtu mwenye hasira anywe maji kwanza kisha aongee, yuko kitabuni kweli, au ulimtunga siku ile nilipogombana na mwenye nyumba? Maana alitokea kwa wakati wake kabisa. Na ile sheria kwamba mzazi akimpa binti yake neno la ruhusa hawezi kulirudisha? Niliitaja hiyo mbele ya wazee wa kanisa, na mzee mmoja akaomba niirudie ili aishike vizuri. Kama ni yako, niambie kabla hawajaitumia kuamua kesi ya mtu.

Madam naye, akidhani ananipoza, akamalizia kunichoma. Akasema nisiwe na wasiwasi, kwamba kila mara mteja aliponiita nikarudi dukani, wewe na yeye mlikuwa mnatoa kabatini hesabu, sayansi na jiografia, vitabu vya darasa lako hasa, na ulikuwa unavimaliza kabla hajafunga ofisi. Miaka yote hiyo. "Ni mwanafunzi wa ajabu," akasema. Watu husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa nimesimama sokoni natangaza jina la fundi, na fundi si mimi.

Hata hapo, Mama, ningevumilia. Nakuambia kweli. Nilitoka nje nikiwa na aibu, lakini ni aibu ninayoijua, kama ya kumshonea bwana harusi suti ikambana. Ningecheka baada ya siku mbili, ningewasimulia watu, ningeigeuza iwe hadithi nzuri. Kilichonimaliza ni pale kwenye ngazi.

Nilikuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi, Baba. Na ulikuwa umeapa mbele ya watu."

"Sasa si hata wewe ulikuwa unafurahi? Kwani ulitaka kurudi shule?"

Hilo niliuliza nikicheka. Jibu nililijua. Nilijua hakuna mtoto Homa Bay nzima aliyekuwa na raha kama wewe, unakaa na baba yako juani, hakuna wa kukuchapa, upepo wa ziwa unakupepea. Nikawa nangoja tu useme hapana.

Ukasema, "Nilitaka. Kila siku."

Kila siku. Ulisema hivyo, sauti yako ya kawaida tu, kama mtu anayeulizwa sukari imeisha. Halafu ukaniambia kuhusu wale wasichana waliokuwa wakipita jioni wakitoka shule, wale wenye sweta za buluu, kwamba walikuwa wanakuita kwa jina, uende mruke kamba, na wewe ulikuwa unapunguza mwendo wa kusoma na kuongeza sauti ili mimi nisiwasikie. Mimi nilidhani vitabu vinakuwa vigumu saa zile! Nilikuwa nakuambia, vumilia, Mama, hii saizi ni kubwa kidogo, utaizoea.

Nikakuachia Boke nikaondoka. Sikusema kwaheri. Nilikwenda dukani nikamkatia mtu suruali mguu mmoja mfupi, mtu mwenye miguu miwili mizuri kabisa, nikafunga duka, nikarudi hapa. Wewe ulikuwa umeshafika. Ulinipa chai, nikapokea. Mama yako anatuangalia tu, mara mimi, mara wewe, anasubiri mmoja wetu apasuke.

Najua umeona nimekasirika. Ni kweli nilikasirika, lakini nimeketi hapa nikatafuta hasira yenyewe ni ya nani, na kila nikiishika naikuta inaniangalia mimi. Maana kuna jambo langu pia, na nadhani unalijua, kwa vile inaonekana hakuna usilojua katika nyumba hii. Yule mwalimu mkuu hakukaa. Alihamishwa mwaka uliofuata, na aliyekuja baada yake akatuma salamu kwa wazee wa kanisa kwamba watoto wa Kisabato hawatalazimishwa Jumamosi, warudi. Salamu zilinifikia. Zililetwa dukani na mzee mwenyewe, akaketi kwenye benchi langu akanywa soda yangu. Nilimwambia, tutaona. Nikaona nini? Niliona wale watu nje ya ua wakiniuliza, fundi, imekuwaje? Hilo tu ndilo niliona. Mlango ulikuwa wazi, Mama, na niliusukuma ukafungwa kwa mgongo wangu, na siku ile ile baada ya chakula tulipanda kwenye ngazi na nikakuambia, haya, geuza.

Kwa hivyo tulikuwa wawili tunafichana. Ila usije ukadhani ni kitu kimoja. Wewe ulinyamaza ili unilinde mimi, na mimi nilinyamaza ili nijilinde mimi, na hapo ndipo chai iliponikwama. Mtoto hapaswi kumbeba mzazi wake kabla hajaweza kubeba ndoo ya maji iliyojaa. Sijawahi kusikia baba wa kwetu akimwomba mtoto wake radhi, hata sijui maneno yake yanakaaje kwa Kijaluo, labda hayapo. Kwa Kiswahili yapo. Nisamehe, Akoth. Nisamehe kwa kila jioni ya sweta za buluu.

Boke ataenda shule. Jumatatu nitampeleka mwenyewe, ile ile shule, kupitia lango lile lile, na kama kuna mtu bado anakumbuka makofi yake acha aniulize, nitamjibu. Maktaba tutaendelea kwenda baada ya masomo, na safari hii Madam Roza ndiye atachagua. Mama yako nilipomwambia hivi sasa kupitia pazia, alisema tu, "Afadhali," neno moja, na kwa jinsi alivyolisema nimejua kwamba hata yeye alikuwa anangoja miaka yote hii. Nyumba nzima ilikuwa inanistahi! Mimi peke yangu ndiye sikujua ninastahiwa.

Huko uendako sina ramani. Sijui bweni linafananaje. Najua watakucheka, hujawahi kusimama mstari wa chakula, wala hujanyoosha mkono darasani tangu darasa la nne, na mambo ambayo watoto wote wanayajua wewe utayakosa, kisha utajua mambo ya ajabu ambayo hata mwalimu hayajui, na watacheka hayo pia. Uliza tu. Mimi kuuliza swali moja kwa Madam Roza mlangoni kungenichukua muda wa kupiga chafya, na nilikataa. Uliza hata wakicheka, wakimaliza kucheka watakuwa bado hawajui, na wewe utajua.

Lakini si hilo linalonitisha. Linalonitisha ni kwamba unajua kumfurahisha mtu mpaka anapotea kabisa. Ni kipaji, na mimi ndiye nimekuzoeza. Barua yako ya kwanza itakuja imeandikwa mimi niko salama, chakula ni kizuri, walimu ni wema, na mimi nitaisomea sokoni kwa sauti, na wewe huko pengine hujala siku mbili. Usiniandikie hivyo. Niandikie kama unavyomwandikia mtu asiyevunjika. Wakikuonea, andika wamenionea. Ukitukosa, andika, usipotukosa, andika hivyo pia.

Sasa nimeandika hilo na mkono umesimama.

Kwa sababu nimejiuliza: na shule hii je? Nani aliichagua? Ni mimi. Nilisema iko karibu na wajomba zako, nilisema haina masomo ya Sabato, nilisema, nilisema. Barua ya kuitwa ilipokuja uliruka, ukazunguka nyumba mara mbili, Boke nyuma yako. Nilikwenda nikawaambia watu, huyo mtoto ana furaha! Leo nakaa hapa najiuliza, ile ilikuwa ukurasa gani? Ule wa kweli, au ule wa unyevu? Sijui. Miaka kumi na tano hii nimekuangalia uso na sijui kuusoma. Sabato iliyopita kanisani walipokuombea ulilia sana, ukashika mkono wangu, na mimi pia nilikuwa nalia. Kama ulikuwa unalia kwa sababu hutaki kwenda, na kesho unapanda gari kwa sababu baba ameshatangaza, basi ninakufanyia tena lile lile, na safari hii kuna sanduku jipya na kufuli.

Sanduku si kitu, litauzwa. Wajomba watangoja bure, wataelewa. Watu wa sokoni watasema, wamezoea. Nakutuma kesho kama unataka. Kama hutaki, hakuna gari. Lakini hili siwezi kulijua kwa kuandika. Ngoja niweke kalamu chini.

Nimerudi.

Wewe ulikuwepo, lakini nitayaandika niliyoyaona, ili siku ukisoma hii barua huko bwenini ujue nami niliyaona. Nilifungua pazia. Ulikuwa umepiga magoti unakunja blanketi, mama yako ameshika taulo. Nilisema, "Akoth, nakuuliza, na usinitafsirie. Unataka kwenda, au unanifurahisha?"

Ukamwangalia mama yako. Nikasema, "Usimwangalie. Niangalie mimi."

Ukalikunja lile blanketi upya. Nilifikiri, basi, hataki, na nikaanza kichwani kupanga nitakavyomweleza mwenye gari.

Ukasema, "Nataka, Baba. Nataka sana. Nahesabu siku tangu barua ije. Tangu niliporuka siku ile nimekuwa naficha nisionekane ninavyotaka."

Nikauliza, "Na kule kulia kanisani?"

"Nilikuona unalia," ukasema. "Niliona ni vibaya wewe ulie peke yako."

Mama yako aliweka taulo usoni. Sijui alikuwa analia au anacheka, na sikumwuliza. Mimi nilirudi hapa kwenye kiti nikaketi kwa nguvu, kiti kikalia.

Imeniuma, Mama. Lazima niseme imeniuma, kwa kuwa nimekuomba ukweli na mimi siwezi kukulipa kwa uongo. Nilikuwa tayari kusikia kwamba hutaki kutuacha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata ningelipenda kidogo. Sikujiandaa kusikia kwamba unatamani kuondoka mpaka unalazimika kujiliza. Nimeketi hapa nimeshika tama, kichwa kizito, na katikati ya maumivu hayo yote nimegundua nimeanza kucheka peke yangu, kwa sababu mtoto wangu anataka kitu, anakitaka vibaya sana, na amekisema mbele yangu kwa mdomo wake.

Basi kesho usilie kwa ajili yangu. Mimi nitalia, hilo siwezi kulizuia, na nitalia mbele ya makondakta wote, wanitambue. Hayo machozi ni yangu, niachie mimi niyamalize. Wewe panda gari, keti upande wa dirisha, na ucheke jinsi unavyotaka kucheka, Akoth, ucheke nikuone.

Baba yako